Misaada kwa Wakazi baada ya Ghasia za Uchaguzi (Kenya, 2008)

Ni hatua zilizochukuliwa na serikali, mashirika na wananchi kuwasaidia watu wa mitaa na vijiji vilivyokumbwa na ghasia nchini Kenya, baada ya matokeo ya uchaguzi wa urais kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133. Waliohama makwao, kwa hesabu ya serikali, walizidi 600,000, wengi wao wakitoka Bonde la Ufa.

Kwanza ilikuwa kuokoa roho. Msalaba Mwekundu wa Kenya uligawa chakula, blanketi na mahema katika viwanja vya maonyesho vya Eldoret na Nakuru. Makanisa na vituo vya polisi navyo vilijaa watu. Waliobakwa walihitaji dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi ndani ya saa 72, lakini barabara zilikuwa zimefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka.

Mapatano ya kumaliza ghasia hizo, yaliyosimamiwa na mpatanishi Kofi Annan, yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Mei mwaka huo serikali ikaanzisha Operesheni Rudi Nyumbani: kila kaya Sh10,000 za kuanzia maisha, na Sh25,000 kwa aliyechomewa nyumba. Haraka ilikuwa nyingi kuliko usalama. Familia kadha wa kadha zilitolewa katika kambi kubwa zikaishia katika mahema mengine karibu na mashamba yao, zikilima mchana na kuogopa kulala huko usiku.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, lilikuwa kuhesabu mahema badala ya watu. Karibu nusu ya waliohama hawakukaa kambini kabisa. Walipokewa na jamaa, hasa Nyanza na Magharibi, au walipanga vyumba mijini. Aliyerudi kwa wazazi wake na watoto watano alionekana amefika nyumbani, na mzigo ukabaki kwa mwenyeji ambaye naye hakuwa na ziada. Katika mitaa ya Kibera na Mathare jijini Nairobi, mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine: nyumba zilikaliwa kwa nguvu na watu wengine, na mpangaji aliyefukuzwa hakuwa na hati ya kumwonyesha chifu.

Upatanisho wa majirani ulifuata mfano wa kamati za amani zilizoanzia Wajir miaka ya 1990, kazi iliyomfanya mwanaharakati wa amani Dekha Ibrahim Abdi ajulikane duniani. Wazee, akina mama na vijana walikaa pamoja barazani kabla ya mtu kurejea shambani. Palipokosekana kikao hicho, mabati mapya hayakuleta usingizi.

Sheria ya kuwalinda wakimbizi wa ndani ilipitishwa mwaka 2012. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kutangaza mfuko wa Sh10 bilioni kwa waathiriwa. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamuru manusura wanne wa ukatili wa kingono walipwe Sh4 milioni kila mmoja, karibu miaka 13 baada ya kutendewa ukatili huo.