Amri ya Kifo Inapokatika: Jeni ya TP53 na Saratani Afrika Mashariki

Seli ya mwili ambayo DNA yake imekatika kiasi cha kutokarabatika mara nyingi hufa kwa amri, na katika aina nyingi za seli amri hiyo hutolewa na protini iitwayo p53, ambayo hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni ya TP53 iliyoko kwenye kromosomu ya 17. Protini hiyo ilipogunduliwa mwaka 1979 ilidhaniwa kuwa inachochea saratani; ilichukua takribani miaka kumi kubainika kwamba nakala nyingi za jeni zilizokuwa zikichunguzwa maabara zilikuwa tayari na kasoro, na kwamba jeni nzima huzuia uvimbe. Takribani nusu ya saratani za binadamu zina kasoro katika jeni hii. Makala haya yanadai kwamba saratani mara nyingi huuacha mtambo wa kifo ukiwa mzima na kuikata amri inayouendesha, na kwamba katika Afrika Mashariki mambo mawili yanayoikata amri hiyo yanazuilika.

Katika seli isiyo na dosari, p53 haidumu, kwa kuwa protini nyingine, MDM2, huiwekea alama ya kuvunjwavunjwa kila inapotengenezwa. Nyuzi za DNA zinapokatika, kimeng'enya kiitwacho ATM huibandika p53 chembe za fosfati, MDM2 hushindwa kuishika, na p53 hujikusanya ndani ya kiini na kuziamsha jeni nyingine. Mojawapo ni ya p21, ambayo husimamisha mgawanyiko wa seli ili ukarabati ufanyike. Madhara yakizidi uwezo wa ukarabati na ishara ikaendelea, seli huacha kugawanyika kabisa au huingia katika apotosisi, yaani kifo kilichopangwa: protini PUMA na NOXA huwadhibiti walinzi wa uhai wa seli, BAX na BAK hutoboa utando wa nje wa mitokondria, saitokromu c huvuja, na vimeng'enya viitwavyo kaspasi huikatakata seli kutoka ndani hadi mabaki yake yanapomezwa na seli jirani.

Ushahidi kwamba amri na mtambo ni vitu viwili ulipatikana mwaka 1993, pale seli za tezi ya thaimasi za panya wasio na p53 zilipopigwa mionzi na nyingi zikabaki hai, ilhali seli hizohizo zilikufa kama kawaida zilipopewa homoni za glukokotikoidi. Inaweza kupingwa, na kwa haki, kwamba kifo si kinga pekee, kwa kuwa panya walioondolewa p21, PUMA na NOXA kwa pamoja hawakupata uvimbe wa mapema kama wale walioikosa p53 yenyewe. Pingamizi hilo linaonyesha kuwa p53 ina njia nyingine za kuzuia uvimbe, na hivyo linaongeza uzito wa hoja: anayeipoteza p53 hupoteza zaidi ya kifo cha seli.

Njia ya kwanza ya kuipoteza ni virusi vya papiloma, ambavyo husababisha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Protini yao E6 huungana na kimeng'enya cha seli na kuifanya p53 ivunjwe, huku jeni ya TP53 ikibaki salama. Ndivyo ilivyo katika seli za HeLa, zilizotolewa kwenye uvimbe wa aina hiyo nchini Marekani mwaka 1951: jeni ni nzima, protini haionekani, na E6 ikizuiwa p53 hurudi kazini.

Njia ya pili hugusa jeni yenyewe. Sumukuvu, hasa aflatoksini B1 inayozalishwa na ukungu kwenye mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu, hugeuzwa na ini kuwa kemikali inayong'ang'ania DNA, na alama yake maarufu ni badiliko katika kodoni ya 249 ya TP53, ambapo asidi amino ya ajinini hubadilishwa kuwa serini na p53 hushindwa kushika DNA ipasavyo. Hatari ya saratani ya ini huwa kubwa zaidi kwa mwenye homa ya ini aina ya B. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa kuwaharibu ini ghafla, na vifo hivyo vilionekana. Saratani itokanayo na kula kiasi kidogo kwa miaka mingi haitangazwi na tukio lolote.

Tiba ya mionzi na dawa nyingi za saratani huijeruhi DNA kwa kutegemea, kwa kiasi kikubwa, kwamba seli itajiua, na p53 ikikosekana tegemeo hilo hudhoofika. Dawa ya kuirejesha p53 iliyoharibika haijawa sehemu ya tiba ya kawaida. Kwa upande mwingine, chanjo dhidi ya virusi vya papiloma ilianza kutolewa kitaifa Rwanda mwaka 2011, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, ipo pia ya homa ya ini aina ya B, na kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyahifadhi ni kazi inayojulikana kwa kila mkulima. Wizara za afya na za kilimo hazina budi kuzihesabu kazi hizi kuwa ulinzi mmoja wa jeni moja, na kuzigharamia hivyo.