Saini ya Kidijitali Katika Programu: Je, Inatosha Kuiamini?



Ndugu zetu wa Nanyamba, Mtwara, wametuletea suali ambalo hata huku visiwani tunaulizwa: programu ya nyakati za Swalah au ya Qur-aan ikiwa na saini ya kidijitali, je, inatosha kuiamini na kuwawekea watoto?

Jibu ni kuwa haitoshi. Watu wa Nanyamba wanaijua korosho, basi tuseme hivi: lakiri juu ya gunia inakuonesha limetoka ghala gani na kwamba halikufunguliwa njiani. Haikwambii kama zilizomo ni nzima au zimeoza. Saini nayo inathibitisha aliyeitia, na kwamba faili halikubadilishwa baada yake. Ikiwa mwenyewe ndiye aliyepachika matangazo ya kamari au picha za aibu tangu mwanzo, saini inabaki sahihi.

Na hata jina lililomo huweza kuwa la kuibwa. Mwaka 2010 kirusi cha Stuxnet kiligunduliwa kikiwa na saini za Realtek na JMicron, kampuni mbili za Taiwan ambazo hazikuhusika nacho.

Kwenye simu za Android saini ina uzito mdogo zaidi. Simu hizo hazikubali kabisa programu isiyo na saini, kwa hiyo hata ile uliyorushiwa kwa Xender au kuwekewa na fundi dukani inayo. Lakini cheti chake hujitengenezea mtengenezaji mwenyewe, hakuna anayemuuliza yeye ni nani. Faida yake ipo kwenye masasisho: toleo jipya lazima litiwe saini kwa ufunguo ule ule wa la zamani. Ukiletewa "WhatsApp mpya" simu ikaikataa mpaka uondoe uliyonayo, mara nyingi maana yake aliyeitengeneza ni mtu mwingine. Usiondoe yako.

Duka rasmi ni bora kuliko mitaani, ila nalo si kinga kamili. Aprili 2022, ndani ya Ramadhaan, gazeti la Wall Street Journal liliandika kuwa Google imeziondoa dukani programu kadhaa, ikiwemo Al-Moazin Lite ya adhana, iliyopakuliwa zaidi ya mara milioni 10, na moja ya dira ya Qiblah. Watafiti wa AppCensus walikuta ndani ya programu hizo kipande cha kampuni ya Measurement Systems ya Panama, kinachokusanya taarifa za watumiaji kama namba za simu na mahali walipo. Google ilisema zitarudi zikikiondoa. Waliozipakua walikuwa wakitafuta wakati wa Swalah tu!

Basi mtu akague vipi? Kwenye kompyuta ya Windows, bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties, kisha tafuta ukurasa wa saini. Jina liwe la mtengenezaji unayemkusudia: faili la Firefox lioneshe Mozilla Corporation. Likiwa jina jengine usilifungue. Kukosa saini peke yake si dalili ya ubaya, kwani cheti hulipiwa na watengenezaji wadogo wengi hawakimudu.

Kisha lipeleke faili VirusTotal, huduma ya bure iliyopo tangu 2004, ambayo hulipitisha kwenye antivairasi nyingi kwa mara moja. Moja tu ikilalamika huenda imekosea. Zikiwa kumi, lifute. Faili jipya sana huweza kuonekana safi leo na kukamatwa baada ya siku chache. Nyaraka za familia msizipeleke huko, wengine huweza kuziona.

Wakati wa kuiweka programu, soma kila ukurasa na uondoe alama za vema kwenye vitu usivyoviomba. Mwaka 2015 tovuti ya SourceForge ililaumiwa kwa kuifunga GIMP, programu ya picha ya bure, pamoja na matangazo ya wengine. Kwenye simu, tazama ruhusa: programu ya Qiblah inahitaji kujua ulipo, haina haja ya kusoma meseji zako wala majina ya simu.

Ama fundi anayejua kuwa programu ina matangazo yaliyojificha yanayomla mteja bando, naye akamuwekea kwa malipo bila kumwambia, hiyo ni ghushi, hata kama mteja hakuuliza. Ni wajibu wake kumbainishia aibu ya anachomuuzia, na aliyekwishapokea pesa amrejeshee au amuondolee.

Wa-Allaahu A'lam.