Mpaka wa Shamba: Kutoka Hatua za Miguu hadi Setilaiti

 Leo tuzungumze habari ya mpaka.

Wazee wetu walipima eka kwa miguu: hatua 70 kwa hatua 70. Ardhi ilipokuwa tele, kipimo hicho kilitosha. Hata hivyo, mwenye miguu mirefu alipata shamba kubwa, na mwenye miguu mifupi akapunjika.

Baadaye Marekani ilirusha setilaiti za kuonyesha mahali. Lakini ishara za raia iliziharibu kwa makusudi, hata chombo kikaweza kukosea mita 100. Mwezi Mei mwaka 2000 iliacha mtindo huo. Mwaka uliofuata, Mei 2001, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 ilianza kutumika hapa Tanzania, na mwanakijiji akaweza kuomba hatimiliki ya kimila. Kati ya mwaka 2014 na 2016, jirani zetu wa Ilalasimba, Iringa, walipima mashamba yao kwa simu za mkononi, na vijana wa kijiji ndio waliozishika.

Je, simu haikosei? Inakosea. Penye uwazi hukosea kama mita 5. Chini ya misindano hukosea zaidi, maana matawi hudhoofisha ishara. Hebu tupige hesabu: upande mmoja wa eka una mita 64 hivi. Mpaka ukisogea mita 5, zimekwenda mita za mraba 320. Kama umepanda mti kila mita 3, basi miti 35 imehamia kwa jirani. Hapo ugomvi hauko mbali.

Basi fanyeni hivi. Kwanza, pimeni penye uwazi, mbali na miti mirefu na kuta. Pili, simameni dakika chache hadi namba ya makosa kwenye simu itulie. Tatu, kila kona ipimwe mara kadhaa, kisha mchukue wastani. Nne, kona ikiwa chini ya miti, pimeni pale palipo wazi, halafu mmalizie kwa futikamba na dira.

Na msisahau: jirani wa kila upande awepo, mkubaliane kwanza jiwe la mpaka liko wapi. Simu huandika tu pale mliposimama.

Kwaherini, hadi juma lijalo.