Nani Aliyechagua Baruti?

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya baruti. Usishtuke. Sina nia ya kumfundisha mtu kujaza risasi, kwani kazi hiyo ina sheria zake na ina wenyewe. Nataka tuzungumze juu ya baruti kwa sababu ya ubishi niliousikia juzi hapa Elerai, kwenye kijiwe cha vijana wa bodaboda. Mmoja wao alikuwa akiwasifu Wajerumani kwamba walikuwa mafundi wa vita. Walipigana hapa kwetu kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, bahari imefungwa na manowari za Waingereza, na bado waliendelea kufyatua risasi. Mwenzake akamwuliza, "Sasa hizo risasi walikuwa wakizipata wapi?" Yule wa kwanza akajibu kwa mkato, "Mjerumani bwana!" Ubishi ukaishia hapo.

Swali la yule kijana wa pili halistahili kuachwa bila jibu. Tena sehemu kubwa ya jibu lake haiko Berlin. Iko hapa jirani, Moshi, mwendo usiofika kilomita 100 kutoka hapa nilipo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la madini, fataki iliyopachikwa kwenye kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kile kichwa kinachoruka kwenda kuua. Ukivuta kifyatulio, pini hugonga fataki, fataki hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na gesi ya baruti hukisukuma kichwa nje ya mtutu. Sehemu moja ikiharibika, mwenye bunduki ameshika fimbo tu.

Baruti nazo ni za aina mbili kubwa. Ya kale ni baruti nyeusi, mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua hutoa moshi mzito mweupe na kuacha masizi mengi katika mtutu. Ya pili ilipatikana mwaka 1884, pale Mfaransa Paul Vieille alipotengeneza baruti inayotokana na nyuzi za pamba zilizogeuzwa kwa kemia. Hiyo ina nguvu zaidi, na moshi wake ni kidogo sana. Katika muda wa miaka michache majeshi makubwa ya Ulaya yote yalikuwa yameikimbilia.

Baruti hizo mbili hazibadilishani nafasi. Ukiitia ile mpya katika bunduki iliyoundwa kwa ajili ya baruti nyeusi, mtutu waweza kupasuka usoni mwa mwenyewe. Ukiitia nyeusi katika bunduki ya kisasa, risasi hupungukiwa na nguvu na masizi hujaa ndani. Kwa hiyo anayekuchagulia bunduki amekwisha kukuchagulia na baruti.

Na sisi, ndugu msikilizaji, tulichaguliwa.

Katika karne ya 19 baruti ilikuwa bidhaa ya kawaida katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Ilipita Unguja, ikavushwa hadi Bagamoyo, Pangani na Kilwa, ikapandishwa mabegani mwa wapagazi pamoja na nguo, shanga na waya. Watawala wa bara walipokea baruti kama hongo ya njia. Silaha iliyoitumia ilikuwa gobori, lile linaloshindiliwa kwa mdomoni. Gobori lilikuwa na aibu zake nyingi. Lilichelewa kujazwa, na mvua ikinyesha lilikataa. Lakini lilikuwa na fadhila moja kubwa: mwenyewe aliweza kulilisha. Fundi wa kijijini aliweza kulitengeneza likivunjika, na kipande chochote cha chuma kikawa risasi.

Kufikia miaka ya 1880, bunduki za kisasa zaidi zilikuwa zimeanza kumiminika, kwa sababu majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha yaliuza zile za zamani. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliionya serikali yake kwamba jambo hilo lisipozuiwa, kazi ya kuitawala Afrika itafanyika mbele ya watu wenye silaha za maana. Miaka miwili baadaye, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba. Jina lake lilikuwa la heri, kwani ulikuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Lakini ndani yake mlikuwa na vifungu juu ya silaha katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za kisasa zisiuziwe wenyeji. Kinachoweza kuuzwa, tena kwa kibali na kutoka ghala la serikali, ni gobori la gumegume na baruti ya kawaida ya biashara.

Sikatai kwamba bunduki zilitumika kukamata watumwa. Zilitumika, na waliofanya hivyo hawana utetezi. Lakini waliotia sahihi karatasi ile ndio hao hao waliokuwa njiani kuja kuitwaa nchi. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Zelewski pale Lugalo, na wakateka bunduki zipatazo 300. Ushindi ule ulikuwa mkubwa, lakini bunduki ya kisasa hula risasi za kiwandani, na hapakuwa na mhunzi Uhehe wa kuzitengeneza. Risasi za kuteka zikiisha, zimekwisha. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka.

Sasa tuje kwenye vita ya 1914. Hapa kichekesho chenyewe kinawageukia wakubwa. Wajerumani walikuwa wamewapa askari wao Waafrika bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, ya baruti nyeusi. Wenyewe Ulaya walikwisha kuitupa zamani. Kwa kuwapiga raia wenye mikuki ilitosha. Hawakutazamia kwamba siku moja askari hao hao watapangwa mbele ya jeshi lenye bunduki zisizotoa moshi. Vita ilipoanza, kampuni nyingi za askari zilikuwa bado na bunduki hiyo ya kizee.

Fikiria hali ya askari yule. Yuko kichakani, karibu na hapa, tuseme Longido, palipopiganwa tarehe 3 Novemba 1914. Adui naye yuko kichakani, lakini haonekani. Askari anafyatua mara moja, na palepale wingu jeupe linapanda juu ya kichwa chake kama moshi wa jikoni, likiwaambia wote: nipo hapa. Jenerali wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliandika katika kitabu chake baada ya vita kwamba mwanzoni zawadi kubwa kuliko zote aliyoweza kumpa askari hodari ilikuwa kumvua bunduki ya moshi na kumpa ya kisasa iliyotekwa kwa adui. Hakusema fedha wala cheo. Mtu alipewa bunduki isiyomsaliti, akaona amezawadiwa. Kwa maneno mengine, haki ya kutoonekana, ambayo mwanajeshi wa Kizungu aliipewa siku aliyoingia jeshini, Mwafrika ilimbidi aishinde vitani.

Mwanzoni mwa Novemba mwaka ule Waingereza walishindwa vibaya Tanga, wakaacha pwani mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Kampuni tatu za askari ziliweza kubadilishiwa silaha. Lakini vita ilikuwa ndefu, na risasi zililiwa.

Ndipo ikaja meli. Ilitoka Ujerumani mwanzoni mwa mwaka 1915, jina lake halisi ni Rubens, lakini ilijifanya ya Kidenishi na kujiita Kronborg. Katikati ya Aprili ilifika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiwa nyuma yake ikipiga mizinga. Nahodha aliiingiza kwenye maji ya kina kifupi, ikazama nusu, na mbao zilizokuwa juu zikawaka moto. Waingereza walipoona moto ule waliamini kwamba kila kitu kimeteketea, wakaenda zao. Chini ya maji mlikuwa na bunduki na mamilioni ya risasi. Wapiga mbizi wakashuka, na mzigo ukatolewa kasha baada ya kasha.

Hesabu ilionekana kuwa njema mpaka risasi zilipoanza kujaribiwa. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya. Baruti na fataki zilizidi kuharibika kadiri siku zilivyopita, na risasi nyingi zikawa zinagongwa bila kulia. Hapo hapakuwa na kiwanda cha kukimbilia. Ikaamuliwa risasi zote zifunguliwe, baruti isafishwe, na pale fataki ilipokufa itiwe nyingine. Fataki zilipatikana humu humu nchini, ingawa za aina tofauti. Kazi yenyewe ilifanyika Moshi, mji mpya ule wa reli. Kwa miezi kadhaa, asubuhi hadi jioni, kila mkono uliopatikana ulikuwa ukijaza risasi.

Hebu tuitazame kazi hiyo. Kung'oa kichwa cha risasi bila kulivunja ganda, kumwaga baruti na kuisafisha, kuipachika fataki ambayo haikuundwa kwa ganda lile, kurudisha baruti na kukaza kichwa. Kisha unachukua nyingine. Ukikosea kidogo, kosa lako halionekani Moshi. Litaonekana wiki tatu baadaye mbele ya adui, mikononi mwa mtu usiyemjua.

Baada ya hapo risasi zilichambuliwa, na huo uchambuzi ndio uliobaki kichwani mwangu tangu niliposoma habari hizi. Zile zilizosalimika bila kuguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha peke yake. Zilizojazwa upya zilipimwa. Zile ambazo karibu asilimia 20 zilikataa kulia zikahesabiwa kuwa zinafaa kwa vita. Zilizokataa zaidi ya hapo zikapelekwa kwenye mazoezi ya shabaha.

Asilimia 20 ni risasi moja katika kila tano, na Mauser mpya ilishika risasi tano. Kwa wastani, basi, kila askari alipoijaza bunduki yake alijua kwamba moja ni bubu, ila hakujua ni ipi. Jenerali alikuwa na sababu yake. Rashasha ikipata risasi bubu, bunduki nzima husimama mpaka mtu aifungue, na mstari wote huwa hatarini. Mwenye bunduki ya kawaida huvuta komeo kwa mkono, huitupa ile mbovu na kuendelea, kama bado yu hai. Ni hesabu sahihi ya kivita. Lakini ni vizuri tujue ilikuwa hesabu ya nani juu ya maisha ya nani.

Kuna jambo jingine, nalo nalisema kwa uangalifu. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1905, watu wa kusini waliinuka katika vita ya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewaambia kwamba maji yake yatazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Hazikugeuka. Alinyongwa mwaka huo huo, na watu wasiopungua makumi ya maelfu walikufa, wengi wao kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kwa miaka mingi wasomi wa kikoloni waliwacheka marehemu wale. Mwaka 1915 maji yaliziharibu kweli risasi za Mjerumani. Hayakuwa ya dawa, yalikuwa ya bahari ya Manza. Na aliyehangaika kuzikausha hakucheka.

Machi 1916 Waingereza waliingia Moshi na Arusha, na boma letu la mwaka 1900, ambalo siku hizi ni makumbusho, likabadili bendera. Mwezi huo huo meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, kusini, na mzigo wake ukapandishwa bara kwa mabega ya wapagazi. Hata hizo hazikutosha. Novemba 1917 jeshi lilivuka Ruvuma na kuwapiga Wareno Ngomano, likachukua bunduki zao na risasi zao. Kutoka hapo liliishi kwa kuteka mpaka lilipoweka silaha chini Abercorn, Novemba 1918.

Basi yule kijana wa kijiweni jibu lake ni hili. Risasi zilitoka Tanga zikiwa zimetekwa, zilitoka chini ya maji Manza, na zilipita mikononi mwa watu wa Moshi, moja moja. Jenerali hakutudanganya, aliandika kwamba kazi hiyo ilifanyika, lakini aliposimulia hakuwataja waliojaza risasi kwa majina. Dar es Salaam ipo sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927, inayowakumbuka askari na wapagazi waliokuwa upande wa Waingereza. Waliojaza risasi hawana hata jiwe.

Ndiyo maana naona lile jibu la "Mjerumani bwana" si la haki. Linampa mtu mmoja kazi ya maelfu. Tena wale maelfu hawakuulizwa lolote: hawakuchagua vita, hawakuchagua bunduki, hawakuchagua baruti, na hawakuchagua ni nani apewe risasi nzima na nani apewe ile ya bahati nasibu.

Wewe mwenye bibi au babu wa Moshi, Marangu, Machame au huku Meru, mwulize kama katika ukoo wenu kuna aliyepelekwa Moshi mjini wakati wa vita ya Mjerumani kufanya kazi ya kukaa chini, ya mikono, tangu asubuhi hadi jioni. Ukipata jina, liandike. Mpaka juma lijalo, kwaheri.