Viungo vya Paa Letu

Tunapoingia kanisani, wengi wetu huinua macho na kutazama zile ferme za mbao zinazobeba manjanja. Tunasifu urefu wa mbao, lakini ni wachache wanaotazama viungo. Na kumbe ubao mzuri haufai kitu kama kiungo chake kimelegea. Kwa hiyo, katika kitabu hiki cha yubile, tumeona vema kueleza habari ya viungo.

Mafundi wa zamani walichonga mbao zikumbatiane, wakazifunga kwa bulo na misumari mikubwa. Huko Amerika, baada ya vita vya 1939–1945, nyumba nyingi zilihitajiwa upesi. Wajenzi wakaunga ferme kwa vipande vya tripleksi, gundi na misumari, nayo kazi ikawa ndefu. Mwaka 1952, katika Florida, A. Carroll Sanford alitengeneza plake ya chuma yenye meno, lakini ilihitaji bado msaada wa misumari. Mwaka 1955 J. Calvin Jureit, wa Florida vilevile, akavumbua plake ambayo meno yake yalitosha. Jino moja ni dhaifu, bali mengi pamoja hushika ubao kwa nguvu. Ndivyo wasemavyo wazee: kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini plake hiyo ina masharti. Mbao ziwe kavu, zikatwe sawasawa hata zigusane. Plake ziwe mbili, moja kila upande wa kiungo. Zikandamizwe kwa mashine, mpaka chuma kilale juu ya ubao.

Hapo ndipo sisi tulipokosa. Tulipojenga jumba la mikutano, hatukuwa na mashine. Tukazigonga plake kwa nyundo kama misumari. Meno yakapinda bila sisi kuyaona. Mvua zilipokuja, viungo vikafunguka, paa likabonyea katikati. Tunamshukuru Mungu, hakuna aliyeumia. Tukateremsha manjanja yote, tukaunga upya kwa bulo, jinsi walivyofanya waliotutangulia.

Tunaandika haya kwa ajili ya watakaojenga baada yetu. Asiye na mashine asione haya kutumia bulo. Kitu kipya ni chema kikitumiwa kwa kanuni yake; kinyume cha hayo, hubomoa kile tulichotaka kujenga.