Marundo ya Mawe kama Ushahidi wa Kilimo: Mahame ya Rosal, Uskoti

Makala haya yanachunguza mahame ya Rosal, katika bonde la Strathnaver kaskazini mwa Uskoti, ili kuonyesha jinsi alama za kilimo zilizobaki ardhini zinavyoweza kusahihisha maelezo ya wenye mamlaka.

Kati ya mwaka 1814 na 1818, wakulima wa Rosal walihamishwa kwa nguvu ili kupisha ufugaji wa kondoo. Aliyekodishwa eneo hilo ni Patrick Sellar, msimamizi wa mali za familia ya Sutherland. Mwaka 1816 alishtakiwa mjini Inverness kutokana na uhamishaji huo, akaachiwa huru. Waliouunga mkono uhamishaji walidai kwamba nyanda hizo zilifaa kondoo, na kwamba wenyeji hawakujua kuitumia ardhi.

Ardhi yenyewe inatoa ushahidi tofauti. Mwaka 1962, Horace Fairhurst alifanya uchimbaji Rosal. Ndani ya ukuta uliotenganisha mashamba na malisho mna misingi ya nyumba, matuta ya kilimo na marundo ya mawe yaliyoondolewa shambani. Rundo la namna hiyo ni kipimo cha kazi: kila udongo unapopinduliwa, mawe mengine huibuka, nayo hayana budi kuokotwa kabla ya kupanda. Watu wasiojali ardhi hawaifanyi kazi hiyo kizazi baada ya kizazi.

Hata hivyo, rundo peke yake halitaji umri wake. Rosal ina pia handaki la mawe la Zama za Chuma, na huko Lairg, kusini zaidi katika Sutherland, uchimbaji umefichua mashamba ya Zama za Shaba Nyeusi. Kwa hiyo mtafiti hulisoma rundo pamoja na matuta, kuta na udongo uliofunikwa chini yake, asije akawapa wakulima wa karne ya 18 kazi ya watu waliowatangulia kwa maelfu ya miaka.

Tahadhari hiyo inaipa hoja nguvu zaidi. Nyanda zilizodaiwa kufaa kondoo zilikwisha kulimwa tangu kale, na watu mbalimbali kwa nyakati mbalimbali. Ukiwa unaoonekana Rosal leo, ambao mgeni angeudhania kuwa hali ya asili, una tarehe yake: ulianza katika karne ya 19, kwa uamuzi wa wanadamu.