Kona laini na kona kali

Ndugu zangu wa kikundi, juzi tulifungua ukurasa wetu kwenye ile mashine ya zamani, mmoja akapiga kelele ati umeharibika. Kwenye simu visanduku vina kona laini, pale vilikuwa na kona kali. Haujaharibika. Ni historia tu.

Kona laini zinapendwa tangu zamani. Hapa kwetu, ukienda Gishora, karibu na Gitega, kwenye ngoma za wafalme, utakuta nyumba ya nyasi ya duara, haina kona hata moja! Mwaka 1981 kule Apple, Steve Jobs alimtembeza Bill Atkinson mtaani akimwonyesha kila kitu chenye kona za mviringo, hadi vibao vya barabarani. Kesho yake Atkinson akarudi na programu ya kuzichora.

Ila kwenye wavuti kisanduku kilizaliwa na kona kali. Internet Explorer 6, iliyotoka 2001, haikujua kuchora kona nyingine. Basi mafundi wakadanganya macho. Walichora picha nne ndogo, moja kwa kila kona, wakatengeneza jedwali la vyumba tisa: picha kwenye pembe, maneno katikati. Ukibadili rangi, unachora zote upya. Na kila picha inapakuliwa peke yake. Sisi tunaonunua mega tunajua uchungu wake.

Mwaka 2005 Mwitaliano Alessandro Fulciniti akaleta Nifty Corners. Hii ndiyo naipenda kuliko zote. Hakuna picha: JavaScript inapanga mistari myembamba sana juu ya kisanduku, kila mmoja mfupi kuliko ulio chini yake, kama ngazi. Ngazi ikiwa ndogo, jicho linaona mviringo.

Firefox na Safari nazo zikawa na amri ya kuchora kona, lakini kila moja na jina lake: -moz-border-radius, -webkit-border-radius. Fundi aliandika jambo lile lile mara mbili, mara tatu. Internet Explorer ilikuja kukubali border-radius kwenye toleo la 9, mwaka 2011. Miaka kumi nzima!

Mashine yetu ina toleo la 8. Wengine wanataka turudishe zile picha nne ili ipendeze. Mimi nakataa. Tuache amri moja tu. Kivinjari kisichoijua kinairuka na kuonyesha kona kali. Mama anayekuja kusoma tangazo la mgao atalisoma vilevile, na halitamsubirisha.